Masomo, sheki au sindano? Tulinganishe programu za kupunguza uzito kabla hujatoa hela

Ukipita mitandaoni kwa wanaouza mambo ya kupungua utaona kila mmoja anaweka picha mbili, kabla na baada, na hiyo ya baada siku zote imepigwa mwezi wa pili au wa tatu. Ya mwaka wa pili huioni. Na hapo ndo penyewe, manake kupungua kilo tano watu wengi wanaweza, kazi iko kwenye kuzizuia zisirudi. Bahati nzuri kuna watafiti ambao wamechukua watu mamia hadi maelfu, wakawagawa kwa bahati nasibu, huyu apate programu hii na yule apate ile, halafu wakawa wanawapima uzito na sukari mwaka wa kwanza, wa pili, wengine mpaka miaka kumi na kuendelea. Hizo ndo nataka tuzilinganishe hapa, kwa sababu nachoka kuona ndugu zetu wanatoa hela ya mwezi mzima kwenye chai ya kupunguza tumbo wakati majibu ya maana yapo.

Na hili sio la wazungu tu jamani. Kenya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta 33% ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi, uliporudiwa 2022 ikawa 45%. Tanzania 2015/16 ilikuwa 28%. Kwetu mwanamke akinenepa anaambiwa ndoa imemkubali, kila mtu anamsifia, halafu siku presha na sukari vinapanda watu wale wale wanamwambia amejitakia, wala hakuna aliyemwelekeza aanzie wapi. Mi hili linaniuma sana.

Ya masomo

Hii ni Diabetes Prevention Program, yaani programu ya kuzuia kisukari, DPP kwa kifupi. Ilifanyika Marekani kwenye vituo 27, watu 3,234, matokeo yakatoka 2002. Waliochukuliwa ni wale ambao sukari yao imeshaanza kupanda lakini bado haijafika kuitwa kisukari, yaani yule ambaye kliniki anaambiwa "uko mpakani, jiangalie" halafu anarudi nyumbani hajui ajiangalie vipi. Wakawekwa makundi matatu: wengine metformini (vidonge vya kushusha sukari), wengine vidonge visivyo na dawa ndani, wengine wakapewa masomo 16 ndani ya miezi sita ya kwanza, kila mtu na mwalimu wake, baada ya hapo wakawa wanakutana mara chache chache. Malengo yalikuwa mawili tu, punguza 7% ya uzito wako na fanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Mtu wa kilo 80 hiyo 7% ni kilo tano na nusu hivi, sio kilo 30. Na mazoezi yenyewe wengi walikuwa wanatembea tu kwa mwendo wa haraka, nusu saa siku tano kwa wiki, hamna jimu wala nini.

Baada ya karibu miaka mitatu kundi la masomo walikuwa wamepunguza hatari ya kupata kisukari kwa 58%, kundi la metformini 31%. Wenye miaka 60 na zaidi ndo walishangaza zaidi, kwao masomo yalipunguza hatari kwa 71%, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mama yako ameshazeeka hamna cha kubadilisha. Kwa wastani walipungua kilo 5.6 tu, ukimtumia mtu picha ya kabla na baada ya kilo 5.6 anaweza asione tofauti yoyote, lakini watafiti walipopiga hesabu baadaye wakakuta kila kilo moja iliyopungua ilikuwa inaenda na hatari ndogo zaidi kwa 16%. Kilo moja!

Kuna kitu hapa watu wengi wanaruka. Kadiri miaka ilivyoenda uzito wa hao watu ulirudi sehemu kubwa, lakini walipoangaliwa tena baada ya miaka kumi waliokuwa kundi la masomo bado walikuwa wanapata kisukari kwa kiwango cha chini kwa 34% kuliko wale wa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo hata kilo zikirudi kiasi, ile miaka mwili wako uliyopumzika haikupotea bure. Mtu aliyepungua akanenepa tena anajiona ameshindwa maisha, wakati namba hazisemi hivyo kabisa.

Ya sheki

Hii ya pili ni DiRECT, ilifanyika Uingereza kwenye vituo 49 vya afya vya kawaida, Scotland na upande wa Tyneside, wakiongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow. Watu 306, na hawa sio wa mpakani, hawa kisukari wanacho tayari, aina ya pili, lakini hakijazidi miaka sita na hawajaanza insulini. Nusu yao wakaambiwa siku ya kwanza dawa zote za sukari na za presha wanaacha (chini ya usimamizi, hilo ulishike), na chakula wanaacha chote, wanakunywa sheki na supu za pakiti zenye jumla ya kalori kama 825 mpaka 853 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano. Ukitaka kujua hiyo ni ndogo kiasi gani, sahani ya chipsi mayai na soda yake inaweza ikaimaliza yote kwa mkao mmoja. Baada ya hapo chakula kinarudishwa taratibu, mlo mmoja mmoja, na mtu anafuatiliwa na nesi au mtaalamu wa lishe kila mwezi mpaka miaka miwili.

Kwa nini hivyo? Maelezo ya Taylor ni kwamba mafuta yakijaa kwenye ini na kwenye kongosho ndo insulini inashindwa kufanya kazi yake, na mafuta ya humo ndani yanatoka ukipungua kilo nyingi kwa mkupuo. Matokeo ya mwaka wa kwanza, yaliyotoka Desemba 2017, yalikuwa hivi: 46% sukari yao ilirudi kwenye kiwango kisicho cha kisukari bila dawa yoyote, kundi la kulinganishia waliopata huduma ya kawaida ni 4%. Kwa wale waliopungua kilo 15 na kuendelea ilikuwa 86%. Mwaka wa pili 46% ikashuka ikawa 36%. Na mwaka wa tano, katika wale waliokubali kuendelea kufuatiliwa, waliokuwa bado bila kisukari walikuwa 13%, ingawa kwa wastani walikuwa bado wako chini kwa kilo 6.1 ukilinganisha na walipoanzia.

Naziandika zote kwa sababu wanaouza sheki huku kwetu wanakupa ile 46% peke yake, tena wengine wanasema "inatibu kisukari" moja kwa moja. Haitibu. Inakilaza, na kinaamka uzito ukirudi. Lakini pia usiidharau, miaka miwili au mitatu bila dawa na bila sukari kupanda ni macho yako, ni figo zako, ni miguu yako. Na sio kwamba inafanya kazi kwa wazungu wa Scotland tu, Qatar walifanya utafiti unaofanana, DIADEM-I, watu 158 wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, vijana zaidi, kisukari hakijazidi miaka mitatu, na mwaka mmoja baadaye 61% walikuwa wametulia bila dawa dhidi ya 12% ya kundi la kulinganishia. Ndugu zetu walioko Ghuba hiyo iko karibu nanyi kabisa.

Sasa masomo na sheki, zikiwekwa pamoja

Ya masomo inamfaa aliye mpakani, ya sheki inamfaa ambaye kisukari kimegundulika juzi juzi. Hilo ndo la kwanza na ukilikosea hapo mengine yote hayana maana. Mtu ambaye sukari yake iko sawa ana kitambi tu sioni kwa nini ajitese na kalori 850.

Kwa hela, masomo ni nafuu mno kwa sababu hununui chochote, unakula ugali ule ule, maharage yale yale, mboga, dagaa, ila unapunguza kipimo, mafuta unayatilia kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, na chai unaanza kuizoea bila vijiko vitatu vya sukari. Sheki inabidi ununue chakula cha miezi mitatu kwa mkupuo, na iwe ile iliyo na vitamini na madini kamili, kwa sababu hutakula kingine. Za kwenye makopo zinazouzwa na mawakala nyingi zimetengenezwa kuchukua nafasi ya mlo mmoja au miwili, sio kuishi nazo, na hiyo tofauti wakala hakwambii.

Kwa ugumu watu wanadhani sheki ndo ngumu zaidi, mi naona inategemea mtu. Wapo wanaosema ile miezi mitatu ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna kuamua, njaa inasumbua siku za mwanzo halafu inapoa, ugumu ukaanza chakula kiliporudi. Masomo ni kinyume, hamna siku ngumu sana lakini hamna mwisho pia, kila harusi, kila futari, kila Krismasi ni maamuzi mapya, na kwetu kukataa chakula cha mwenye nyumba ni shida nyingine kabisa, mama mkwe akishakupakulia utamwambiaje. Kwa hiyo jiulize we ni mtu wa aina gani, wa kukaza kwa muda mfupi au wa kwenda pole pole.

Kwa hatari, masomo karibu hayana. Sheki inayo, hasa kwa anayetumia dawa, nitarudi hapo chini. Na wajawazito, wanaonyonyesha na waliowahi kuwa na matatizo ya kujinyima kula au kula kupita kiasi wasiiguse.

Kwa walioko nje: Uingereza hizi zote mbili NHS, huduma ya afya ya serikali, inatoa bure. Ya kuzuia inaitwa Healthier You, ya sheki inaitwa Path to Remission, ni ya miaka 18 mpaka 65 ambaye kisukari chake hakijazidi miaka sita, na kwa watu weusi na Waasia kigezo cha BMI (uzito ukilinganishwa na urefu wako) kinaanzia 25 badala ya 27, manake sisi madhara yanaanza mapema uzito ukiwa bado sio mkubwa sana. Wengi wa jamii yetu huko hawajui kabisa kama wana haki nayo, mwambie GP wako, yule daktari wa kituo ulichosajiliwa, akuandikie. Marekani DPP imesambazwa chini ya CDC, taasisi ya serikali ya kuzuia magonjwa, na Medicare, bima ya afya ya wazee, inalipia toka 2018.

Na vile vikundi vya kulipia?

WW, yaani Weight Watchers, imepimwa vizuri Uingereza kwenye utafiti wa WRAP uliotoka 2017, watu 1,267. Kundi moja walipewa kijitabu na ushauri mfupi, la pili wakalipiwa WW wiki 12, la tatu wiki 52. Mwaka ulipoisha wa kijitabu walikuwa wamepungua kilo 3.26, wa wiki 12 kilo 4.75, wa wiki 52 kilo 6.76. Programu ni ile ile, walimu wale wale, tofauti ni muda tu. Ndo maana mtu akiniambia nimepata ofa ya "changamoto ya siku 21" namuuliza siku ya 22 utakuwa na nani. Kama unaweza kukusanya watu sita wa mtaani au wa kazini mkapimana uzito kila wiki kwa mwaka mzima, kwa utaratibu kama wa vikoba, mi ningeweka nguvu huko kuliko kwenye programu ya gharama ya mwezi mmoja.

Wanga au mafuta, kula mara ngapi

Hapa napita haraka kwa sababu ubishi ni mwingi kuliko faida yake. Stanford, timu ya Christopher Gardner, walichukua watu 609, nusu wakapunguza mafuta nusu wakapunguza wanga, mwaka mzima, wakapima na vinasaba kuona kama kuna mtu "wa wanga" na mtu "wa mafuta". Wa mafuta kidogo walipungua kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti hiyo ni ndogo mno, kitakwimu ni kama haipo, na vinasaba havikusaidia kubashiri chochote. Kwenye kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Kufunga kwa masaa nako Guangzhou, China, watu 139 walipunguza kalori sawa, ila nusu yao walikula kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni tu, na baada ya mwaka wakapungua kilo 8.0 dhidi ya 6.3 za wenzao, kitakwimu hamna tofauti. Ukiona kufunga kunakurahisishia kupunguza chakula, funga. Ukiona kunakufanya ule mara mbili usiku, acha, hujakosa kitu.

Kitu kimoja tu kuhusu aina ya chakula ningekisisitiza. Kevin Hall na wenzake kwenye NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya Marekani, waliwafungia watu 20 ndani kwa wiki nne, wiki mbili vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kupikwa visivyosindikwa, kila mtu ale anachotaka mpaka ashibe. Walipokuwa kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku bila kujijua, wakaongezeka kilo 0.9, walipokuwa kwenye vile vingine wakapungua 0.9. Ni watu wachache na ni muda mfupi, lakini mtu mwenye muhogo, maharage na mchicha jikoni kwake ana bahati asiyoijua, asiache hivyo akakimbilia soseji na juisi za boksi kwa sababu tu ameanza kupata hela.

Sindano

Semaglutide ndo inayosemwa sana, Ozempic kwa wenye kisukari, Wegovy kwa uzito, sindano moja kwa wiki. Kwa namba hamna programu ya chakula inayoifikia: utafiti wa STEP 1, watu 1,961, wiki 68, walipungua 14.9% ya uzito kwa wastani, waliochomwa isiyo na dawa 2.4%, na wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Tirzepatide, sindano nyingine ya aina hiyo, kwa dozi kubwa ilifika karibu 21%. Na faida sio ya mwonekano tu, kwenye utafiti mwingine wa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo tayari, semaglutide ilipunguza kwa 20% mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo.

Ila kuna mambo mawili. Kwanza, walioacha sindano baada ya hizo wiki 68, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya kilo zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo bei unayoambiwa ya mwezi usiihesabu kama ya mwezi, ihesabu kwa miaka, kama ambavyo ungehesabu dawa ya presha. Pili, kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kufunga choo, watu wengi wanapata angalau kimoja. La bandia nalo lipo: Juni 2024 WHO walitoa tahadhari ya semaglutide feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya kwenye nchi hizo, sindano unayoletewa na mtu wa Instagram kwenye mfuko wa barafu dada yangu usijichome.

Nani ningemwambia aifikirie? Mwenye BMI 30 na kuendelea ambaye ameshajaribu njia nyingine kwa dhati na ana presha, sukari au moyo, ana daktari wa kumfuata, na ana uwezo wa kuilipia bila kuuza kiwanja. Wa kilo nane za baada ya kujifungua, hapana. Upasuaji wa tumbo upo pia na Wasweden wamewafuatilia watu wao toka 1987 na matokeo ni mazuri, lakini huo ni uamuzi wako na daktari wa upasuaji, sio wa kusoma simu.

Mwenye kisukari cha siku nyingi, miaka 15 na insulini juu, sheki nafasi yake inakuwa ndogo. Kuna utafiti wa Look AHEAD, watu 5,145 wenye kisukari Marekani, nusu yao walipewa programu nzito ya chakula na mazoezi, wakapungua 8.6% mwaka wa kwanza, na karibu miaka kumi baadaye walikuwa bado chini kwa 6%. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua ukilinganisha na wenzao, ndo maana ulisimamishwa 2012, lakini walitumia dawa chache na wakawa wanatembea na kufanya shughuli zao vizuri zaidi. Shangazi wa aina hiyo mi ningemwelekeza kwenye ya masomo, na lengo liwe nguvu za mwili na dawa kupungua, sio mizani.

Kabla hujalipa popote muulize anayeuza mambo haya: watu wako wa mwaka jana wako wapi saivi na wana kilo ngapi? Nikimaliza hii miezi mitatu nani ananifuatilia mwezi wa nne? Kuna nesi au mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa? Akikujibu kwa picha, ondoka.

Na hili la dawa. Kama unatumia glibenklamidi (vidonge vya sukari) au insulini na unataka kupunguza chakula kwa kiasi kikubwa, iwe sheki, iwe kufunga, iwe dayati yoyote, hizo dawa zinaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hiyo ni sukari imeshuka, kunywa soda ya sukari au maji ya sukari papo hapo. Nenda kliniki na boksi la dawa zako mkononi kabla ya siku ya kwanza, mwambie daktari unachotaka kufanya, dozi apange yeye, na za presha vile vile, kwa sababu nazo uzito ukishuka presha inaweza kwenda chini sana ukaanguka bafuni.